Elgar wa Philadelphia, 1970: rekodi ya ukumbini inayowagawa wasikilizaji

Kwa anayetaka jibu la haraka: itafute uisikilize. Naizungumzia konserto ya selo ya Edward Elgar, yaani kazi ya selo (ile fidla kubwa ya sauti nzito) pamoja na okestra, mpigaji akiwa Jacqueline du Pré, na mumewe Daniel Barenboim akiiongoza Okestra ya Philadelphia. Ilirekodiwa mbele ya hadhira, Novemba 1970, katika ukumbi wa Academy of Music, Philadelphia, Marekani. Muziki wenyewe ni wa Kiingereza hasa. Elgar aliutunga mwaka 1919 akikaa kwenye nyumba ya shamba huko Sussex, mwaka mmoja tu baada ya mizinga ya vita vikuu kunyamaza. Nimeusikiliza kwa hedifoni, kwa spika za sebuleni, na pamoja na watu ambao masikio yao nayaamini, na karibu kila mara tumeishia kubishana.

Ubishi unatokana na rekodi nyingine. Mwaka 1965, akiwa na miaka 20, du Pré aliirekodi konserto hii kwa mtindo wa studio, bila hadhira, kwenye Kingsway Hall, London, pamoja na London Symphony Orchestra, John Barbirolli akiongoza. Hiyo ndiyo wengi wanayoijua, na umaarufu wake ni wa haki. Barbirolli alikuwa miongoni mwa wapiga selo wa okestra hiyo siku konserto ilipotolewa kwa mara ya kwanza, Oktoba 1919. Siku hiyo mazoezi hayakutosha na watu wakatoka ukumbini hawakuridhika. Miaka 46 baadaye mzee huyo anasimama mbele ya okestra ileile na kumtengenezea binti njia. Hakuna noti iliyokaa vibaya.

Ya Philadelphia ina kingo kali zaidi. Academy of Music ni ukumbi wa mwaka 1857, na wanamuziki wanaujua kwa ukavu wake: sauti haielei hewani, inakatika upesi. Kwa hiyo selo iko karibu mno. Unasikia uta unavyokwaruza uzi kabla noti haijakamilika, na unasikia okestra inavyokaza nyuma yake. Anayependa muziki ulainishwe hataipenda. Mwenzangu mmoja alilalamikia vikohozi kwanza, akasema vinamtoa kwenye hali. Mimi nimekulia kwenye rekodi za taarab za ukumbini, vigelegele vikipanda juu ya fidla na watu wakiinuka kwenda kutunza, na vikohozi hivi vichache kwangu ni ushahidi kwamba mule ndani mlikuwa na watu, na kwamba mpigaji alijua wapo.

Lawama nzito zaidi ni ya mwendo, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Elgar mwenyewe aliirekodi kazi hii mwaka 1928, yeye akiongoza na Beatrice Harrison akipiga selo, na mwendo wao ni mwepesi, hausimamisimami. Wanaoijua rekodi hiyo wanasema du Pré anavuta mno: kila mlango anaoukuta anataka kuingia. Katika sehemu ya tatu nakubaliana nao. Ile sehemu ni fupi, wimbo mmoja tu wa polepole, na usiku ule du Pré anaunyoosha mpaka kuna mahali nasahau sentensi ya muziki ilianzia wapi. Hapo namrudia Barbirolli.

Lakini sikiliza sehemu ya kwanza. Selo inafungua peke yake kwa mipigo minne mizito, nyuzi kadhaa zikilia kwa pamoja, halafu inazama. Viola, zile fidla kubwa kidogo za okestra, zinaanza wimbo mkuu bila chombo kingine chochote chini yao, kama zinaongea zenyewe. Selo inaupokea wimbo, inaupandisha ngazi kwa ngazi hadi juu kabisa, ndipo okestra yote inapofumuka. Kwenye studio ngazi ile inapandwa kwa uzuri. Philadelphia inapandwa kwa hatari. Du Pré anachelewa kidogo, anachelewa tena, na unahisi wapigaji wote wamemkazia macho hawajui atawaachia lini. Barenboim hamsukumi. Anangoja naye, na okestra inapoingia inaingia kwa nguvu ya watu waliozuiwa. Hilo haliwezi kupangwa mchana kwenye studio, kukiwa na nafasi ya kurudia.

Linaloniuma zaidi katika mazungumzo juu ya rekodi hii ni msiba. Du Pré aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu mwaka 1973, akiwa na miaka 28, akaacha kupiga, akafa mwaka 1987. Tangu hapo watu wengi wanaisikiliza Philadelphia kama wanasoma tanzia. Kila noti iliyoyumba wanaiita dalili. Kila mahali alipopunguza mwendo, wanasema alikuwa anaaga. Mimi nakataa. Usiku ule alikuwa binti wa miaka 25 aliye kileleni mwa kazi yake, na selo aliyoshika ilikuwa mpya, iliyoundwa na Sergio Peresson, fundi wa mji huohuo wa Philadelphia. Barbirolli alikuwa amefariki Julai iliyopita, na kama kuna huzuni ya kweli pale jukwaani, hiyo inatosha.

Ushahidi wangu ni sehemu ya pili. Inaanza kwa kudonoa nyuzi, inasitasita, inajaribu, inarudi nyuma, kisha uta unaanza kukimbia kwa noti ndogondogo zisizo na pumzi. Nilimpigia sehemu hiyo mzee mmoja mpiga fidla ninayemwita mwalimu. Sikumwambia jina la mpigaji wala habari zake. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, vidole vya mkono wa kushoto vikitembea kwenye goti. Ilipokwisha alicheka kwa sauti. “Huyu anacheza,” akasema. “Rudisha, mwanangu.” Niliirudisha. Baadaye nilipomweleza yaliyompata yule mama alinyamaza, kisha akaniambia nisiwaambie watu mapema, niwaache wasikie kwanza. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyofanya, na waliosikia hivyo hawaniambii kwamba muziki huu ni wa kilio tu.

Machache ya mnunuzi. Kwenye santuri na CD inauzwa pamoja na Enigma Variations, kazi ya okestra ya Elgar huyohuyo, Barenboim akiongoza London Philharmonic. Ni nzuri, ila sikuinunulia hiyo. Kwenye programu za muziki za simu, soma jina la okestra kabla ya kubonyeza, kwa sababu du Pré ana rekodi zaidi ya moja za konserto hii na picha za jalada zinafanana. Kuna pia ya Prague, Januari 1967, akiwa na Barbirolli na BBC Symphony Orchestra, nayo ni ya ukumbini. Tumia hedifoni zinazoziba masikio vizuri, maana viola za mwanzo ni laini sana na kelele za barabarani zinazimeza. Usiongeze sauti kwa ajili yao, kwani okestra itakapofumuka utajuta. Na usiikatishe katikati: kazi nzima ni kama nusu saa, na karibu na mwisho ile mipigo minne ya mwanzo inarudi ghafla, safari hii baada ya yote yaliyopita, kisha okestra inakimbilia kikomo bila kumpa mtu nafasi ya kujipangusa.

Kwa asiyewahi kuisikia konserto hii kabisa, ningempa Philadelphia kwanza, kinyume na ushauri wa wengi. Studio ya 1965 ataipata tu, kila mtu atamwelekeza huko.