Londri iliyonimezea dubu watatu

Nimesubiri nipoe ndipo niandike. Sijapoa, lakini naandika.

Niko Kingston, Ontario, mwaka wa pili sasa. Chumba nilichopanga hakina mashine ya kufulia, basi kila Jumapili najitwika kapu hadi londri ya sarafu, jina nalihifadhi. Kwa wasiojua, sarafu ya dola mbili ya huku ina picha ya dubu. Mashine inataka dubu watatu. Jumapili moja hapo katikati ya baridi nikawaingiza watatu, maji yakajaa, povu likapanda, halafu tii. Kimya. Mlango umejifunga, haufunguki hata kwa dua.

Ndani mna nini? Sare zangu zote mbili za kazini (nahudumia wazee, zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi), soksi zote nzito, na kanga aliyonipa mama siku naondoka Mwanza. Kanga yenyewe imejibana kwenye kioo, jina lake linasomeka vizuri kabisa: HASIDI HANA SABABU.

Nikamwendea dada wa kaunta. Macho yako kwenye simu. Nimeeleza wee, akanionyesha ukutani kwa kidevu. "Soma kibao, mpenzi." Kibao kinasema sarafu ikimezwa hairudishwi. Nikamwambia dada, mimi sidai sarafu, nadai nguo. "Fundi anakuja kesho saa tatu, mpenzi. Nafunga."

Najua huku "mpenzi" ni neno la kawaida, muuza duka anamwita hata babu wa miaka themanini. Lakini mimi nimekulia mahali ambapo hata kondakta anayekushusha njiani anakupa pole kwanza. Ile pole niliitafuta usoni mwake, sikuiona. Mpenzi mara mbili, pole hata nusu hakuna!

Nikatoka na kapu tupu. Povu lilikuwa limevuja likaniingia kwenye buti, na barabara ya kwetu inapita kando ya ziwa. Upepo wa Ziwa Ontario hauna adabu. Ng'ambo, kwenye kisiwa cha Wolfe, taa nyekundu za mitambo ya umeme wa upepo zinawaka na kuzima. Iko 86. Wakati ule nilielewa kwa nini waliijenga pale, vidole vya miguu vilinieleza.

Mji wenyewe sina ugomvi nao. Kivuko cha kwenda hicho kisiwa ni bure, unapanda hata na gari, hulipi senti. Mtu wa Mwanza aliyezoea kukata tiketi ya kivuko hilo haliamini upesi. Mara ya kwanza nilizunguka nikitafuta dirisha la kulipia. Soko la nyuma ya City Hall liko tangu 1801, na wakati wa baridi uwanja ule ule wanaumwagia maji ugande, watoto wateleze bure. Yaani kuvuka ziwa bure, kuteleza bure, kufua sare ndiyo shughuli.

Jumatatu nilikwenda kazini na suruali ya kuazima, inaishia kwenye muundi. Wazee walicheka mpaka chai ikapoa. Nikapanga maneno yangu yote, nikayarudia njiani kama mtu anayekwenda mahakamani.

Nimefika, dada ni yule yule. Nguo ziko juu ya kaunta. Zimefuliwa upya, zimekaushwa, zimekunjwa, soksi kila moja na mwenzake, kitu ambacho mimi mwenyewe sifanyi. Hakudai hela. Pole bado hakusema, naomba ieleweke. Nilikuja kutoa nyota moja, nikajikuta nina mbili mdomoni. Na mashine zao za kukaushia, lazima niseme, jinzi inatoka kavu hadi mifukoni. Tatu, basi. Hapana, mbili. Mtu hawezi kuniacha na miguu iliyolowa nikampa tatu.

Akaigusa ile kanga, akauliza maandishi yake yana maana gani.

Nikamwambia ni karibu mgeni.

"Maneno mazuri, mpenzi," akasema.

Mashine namba saba, ile ya dirishani, msiikaribie. Dubu wangu watatu wamo humo mpaka leo.