TAHADHARI: "Dawa ya gundi" inayouzwa foleni ya feri inakula klia, ule utando angavu unaokinga rangi ya gari

Wenzangu wa Mombasa, hasa nyinyi mliotoa gari bandarini juzi juzi au mnaongoja kutoa: kuna kijana anauza dawa ya kutoa gundi kwenye bodi ya gari. Jioni hupita kwenye foleni ya feri ya Likoni, asubuhi utamkuta amesimama karibu na mayadi ya magari, pale anapojua watu wanatoka na gari jipya na roho imefunguka. Akija dirishani, pandisha kioo. Mimi kazi yangu ni polishi, na siku hizi naletewa boneti baada ya boneti iliyoharibiwa na chupa hiyo moja.

Chupa ni ya plastiki, nusu lita, lebo nyekundu yenye maandishi ya Kijapani na picha ya gari linalong'aa. Hakuna jina la mtengenezaji, hakuna yaliyomo, hakuna alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Anaanzia 1,500, ukikunja uso anateremka hadi 800. Mwambie afungue kifuniko kabla hujatoa pesa, unuse. Ni thina, ile ya kuyeyushia rangi. Wametia rangi ya chungwa na manukato ya ndimu, lakini pua iliyozoea karakana haidanganyiki. Halafu wameongeza mafuta yanayoteleza kama silikoni, na hayo ndiyo yanayokamilisha ulaghai, nitaeleza.

Kwanza mchezo wake. Anatoa stika mfukoni, anaibandika kwenye kioo chako cha nyuma, anaibandua ibakishe gundi, anapitisha kitambaa kilicholowa. Safi! "Umeona, bosi? Hii ndiyo wanayotumia Japani." Bwana, kioo hakina rangi ya kuharibika, na gundi iliyobandikwa sasa hivi hata mafuta ya kupikia yanaitoa. Mwambie ajaribu kwenye boneti yako, pale penye gundi iliyokaa juani miezi. Atakwambia feri imefika.

Mama mmoja wa Bamburi alinijia na Toyota Axio ya bluu iliyokoza. Gari lilikaa yadi muda mrefu na ile plastiki nyeupe ya kukinga rangi safarini, na ilipobanduliwa ikaacha mistari ya gundi boneti nzima. Mwanawe akalisugua kwa dawa hiyo adhuhuri, bodi ikiwa ya moto. Likametameta mpaka mama akamwombea muuzaji dua, ndivyo alivyonisimulia. Likaoshwa kwa sabuni mara mbili tatu, mafuta yakatoka, na ukweli ukajitokeza. Nilipoinama na tochi niliona mistari ya weupe kama maziwa, na katikati yake klia imejikunja, nyuzi za kitambaa zimeganda humo humo ndani. Taa ya mbele ya kushoto, pale dawa ilipochirizika, ilikuwa na nyufa nyembamba chungu nzima. Plastiki ya taa za siku hizi ni polikaboneti, na thina haipatani nayo kabisa.

"Mama, hili si la polishi tena," nikamwambia. "Hili ni la sprea."

"Lakini mwanangu, aliniapia!"

Kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa ndiko huko. Namba ya simu aliyoachiwa haipatikani.

Najua kuna atakayesema yeye aliitumia na gari halikudhurika. Inawezekana, na ndiyo maana kijana bado ana wateja. Rangi ya kiwandani imeokwa, ina praima, rangi yenyewe, kisha klia juu, na ukipitisha thina haraka na kufuta inaweza kuvumilia. Lakini klia hiyo kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50 tu, nyembamba kuliko unywele, na thina nyingi zina toluini au asetoni. Ukiacha ikae, au usugue bodi ikiwa moto, klia inalainika. Paneli iliyopigwa sprea upya inaathirika upesi zaidi, na gari la mtumba huwezi kujua mlango upi uliguswa huko lilikotoka.

Gundi yenyewe haihitaji uchawi. Inahitaji joto kidogo na subira, na joto Mombasa tunalo la bure. Acha gari lipate jua la asubuhi mpaka bodi iwe vuguvugu, kiganja kiweze kukaa bila kuungua. Jua likikosekana, mashine ya kukaushia nywele inatosha, mradi usiishikilie mahali pamoja. Sukuma gundi kwa ukingo wa kadi ya plastiki, halafu iviringishe kwa kidole gumba, nyingi itatoka vipande vipande. Kisha peleka gari kivulini. Mabaki yapake mafuta ya kupikia uyaache nusu saa, au tumia mafuta taa kidogo kwenye kitambaa laini, mbali na jiko na sigara, bila kugusa mipira ya milango. Yote haya jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya kizingiti cha mlango. Osha kwa shampuu ya gari. Kikibaki kivuli pale gundi ilipokuwa, polishi nyepesi inakiondoa. Petroli wacha. Wembe ni wa kioo peke yake, tena upande wa nje, maana kwa ndani kuna tinti na zile nyaya za kuyeyusha ukungu.

Wanaonunua gari jipya kabisa dukani, msitie sahihi kabla plastiki haijatolewa mbele yenu. Gundi ikibaki, ni kazi yao.

Ukitaka dawa ya dukani, zipo nzuri. Angalia alama ya KEBS na namba iliyo chini yake, tuma SM#, ikifuatwa na namba hiyo, kwenda 20023. Soma jibu vizuri: bidhaa inayotajwa iwe ndiyo hiyo uliyoshika, kwa sababu namba huweza kunakiliwa kutoka chupa nyingine.

Na aliyekwisha kuipaka? Usisugue tena, wala usikimbilie polishi siku hiyo hiyo. Mwagia maji mengi na shampuu, futa kwa kugusa tu, liache gari kivulini bila kulifunika. Klia iliyolainika kidogo huweza kukaza tena thina ikishakauka, na hapo fundi ana kitu cha kufanyia kazi. Ukiivuruga ingali laini, umemkabidhi fundi wa sprea. Chupa usiitupe na ujumbe wa M-Pesa usiufute, ukienda kushtaki utaulizwa vyote viwili.

Jana mteja wangu ameniletea chupa nyingine, kanunua upande wa Changamwe. Lebo sasa ni ya bluu, imeandikwa dawa ya kutoa lami, na bei imepanda hadi 2,000. Nimefungua kifuniko. Thina na ndimu.