Usiku wa filamu fupi ufukweni: buku tatu yangu imerudi, ila MC anyamaze

Wakuu, Ijumaa nilienda ile sehemu ya ufukweni huku Mwanza wanayoonyesha filamu kwa projekta, kiingilio buku tatu, nikijua ni muvi ya kawaida yenye steringi na adui. Kumbe ni zile filamu fupi za majaribio, stori hamna. Ya kwanza kuanza tu jamaa wa pembeni akauliza "hii CD imekwaruzika au?" soda ikanipalia, maana na mi nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Ilikuwa A Colour Box ya Len Lye, 1935, kapaka rangi palepale kwenye mkanda bila kamera, madoa na mistari vinacheza dansi alafu mwishoni yanatoka maandishi, kumbe tangazo la vifurushi vya posta Uingereza. Haya, sawa.

Iliyonikamata ni H2O ya Ralph Steiner, 1929, nyeusi na nyeupe. Inaanza na maji unayoyajua, yanamwagika, mvua inapiga, unatulia. Alafu kamera inazidi kusogea mpaka mng'ao wa juu ya maji unakuwa mistari inajikunja kama nyoka, mara kama maandishi, ukimwambia mtu aliyechelewa kuingia kwamba ni maji atakubishia. Na hajachora kitu mle! Mi nimekulia Kirumba, ziwa nalijua toka naogelea na dumu, ila ile mikunjo sijawahi kuikazia macho. Dada mmoja nyuma akasema "si ndo hapo Kamanga jioni jua likipiga", kweli tupu. Nilikuwa nadhani picha isiyo na umbo lazima msanii awe ameota, kumbe unaweza kukiangalia kitu cha kweli kwa karibu hadi ukasahau kinaitwaje.

Sasa kwenye Mothlight ya Stan Brakhage (1963) ndo wakaniudhi. Jamaa kabandika mbawa za nondo, majani na vipande vya maua katikati ya tepu mbili angavu, zile ni mbawa zenyewe sio picha yake, ila kwenye skrini unaona vitu vinapapatika tu. Haifiki hata dakika 4 na haina sauti kabisa, makusudi. MC kaweka singeli. Singeli! Na maiki juu, "hii inawakilisha mapambano ya maisha", kaka ni nondo hizo. Wakati huohuo wadudu wa ziwani walishajaa kwenye taa ya projekta, vivuli vyao vinapita skrini, nusu yetu hatujui yupi wa filamu yupi wa kwetu. Hapo nilipiga makofi peke yangu.

Sato safi, chipsi zimepoa, viti vya plastiki vinakata mgongo. Nawapa nyota tatu na nusu. Mwezi ujao wakizima maiki nipo, ila beba sweta, upepo wa pale usiku hauna adabu.