Muziki mpya kwenye gari la zamani: nini ununue kwanza, nini ukiache dukani

Dashibodi ya Peugeot 504 ikishakatwa haishoneki. Jirani yangu hapa Cheyo, Tabora, alinunua 504 iliyokaa chini ya mwembe miaka mingi. Rangi ilikuwa imefifia, lakini ndani kila kitu kilikuwa mahali pake. Akaipeleka kwa fundi mmoja awekewe skrini ya inchi 9, na fundi akaja na msumeno. Masika ya kwanza skrini ikaanza kuzimazima, ya pili ikafa kabisa. Leo lile pengo limezibwa kwa ubao wa mninga uliopigwa msasa vizuri. Ni kazi safi ya seremala, ila ni mninga ndani ya Pijo.

Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa kipimo kimoja: kitu chochote unachofunga leo kiweze kufunguliwa kesho, na gari libaki kama lilivyotoka kiwandani. Redio ya zamani ikae palepale hata kama imekufa. Sauti ndiyo itafutiwe njia nyingine. Nimejaribu karibu yote haya kwenye Land Rover Series III niliyoachiwa na baba, na mengine nimeyaona kwenye magari ya wenzangu.

Fungua boneti kabla ya pochi

Watu wanakimbilia kuuliza bei ya sabufa wakati hawajui gari lao linazalisha umeme kiasi gani. Angalia kwanza kama mashine inayozalisha umeme wa gari lako ni dainamo ya kizamani au altaneta. Dainamo ya Lucas C40, iliyokuwa kwenye magari mengi ya Kiingereza, mwisho wake ni ampea 22 hadi 25 kutegemea aina, na injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta haitoi kitu cha maana. Sasa piga hesabu: taa mbili za mbele za wati 55 kila moja zinakula ampea 9 hivi. Weka waipa, weka koili ya injini, uone kinachobaki kwa ajili ya muziki. Land Rover za Series III zilikuja na altaneta, nyingi zikiwa za ampea 34. Hapo una nafasi ya kupumua, lakini bado si gari la kubeba sabufa mbili.

Halafu tazama betri: ni kichwa kipi kimefungwa kwenye bodi? Magari ya siku hizi hufunga hasi. Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifunga chanya. Redio ya kisasa ukiifunga kwenye gari la namna hiyo bila kujua, boksi lake likigusa chuma tu, moshi unatoka kabla wimbo haujaanza. Rafiki yangu wa Ipuli alipoteza amplifaya mpya kwa sekunde mbili, na fundi akamwambia, "Pole kaka, hiyo ilikuwa feki." Haikuwa feki. Fundi umeme wa zamani anaweza kugeuza mfumo mzima kuwa hasi, pamoja na kuichaji upya dainamo ili ijue upande wake. Ni kazi ya asubuhi moja, na ifanyike kabla hujanunua chochote.

Volkswagen za kabla ya mwaka 1967 nyingi zina volti 6. Hizo zina habari zake. Usiziguse mpaka umepata kifaa cha kupandisha volti au umekubali kubadili mfumo kuwa wa 12.

Nambari moja: redio ya kawaida, iliyofichwa

Chaguo langu la kwanza halina maringo. Ni redio ya Kichina ya kawaida, yenye FM, Bluetooth na tundu la flashi, ile ambayo kila duka la spea linayo. Niliulizia Tabora nikatajiwa kati ya Sh 40,000 na 90,000, na bei hupanda au kushuka kulingana na viatu ulivyovaa. Ubora wake ni kwamba amplifaya imo humohumo ndani, na fundi yeyote anazijua waya zake. Ikifa, unanunua nyingine bila kulia.

Ya kwangu imelala kwenye sanduku la zana chini ya kiti cha abiria. Kwenye 504 au Corolla ya zamani inaingia kwenye droo ya dashibodi, ukifunga kifuniko huioni. Rimoti haitafanya kazi redio ikiwa imefunikwa, kwa sababu lazima ione uso wake, lakini simu inatosha kubadili wimbo na kupandisha sauti. Ukiwa porini kuelekea Inyonga na mtandao umekata, flashi inaendelea kuimba.

Simama juu ya kichwa cha fundi kwenye waya mbili hizi. Nyekundu iende kwenye swichi ya ufunguo. Njano ndiyo inayotunza kumbukumbu za redio, nayo huenda moja kwa moja kwenye betri. Mafundi wengi huzisokota pamoja na kuzipeleka betri ili wamalize mapema. Gari linalotembea kila siku halitaona tofauti, lakini gari la zamani hulala wiki mbili au tatu, na siku unayolitaka betri imekufa. Mimi njano yangu nimeipitisha kwenye kiswichi kidogo. Redio ikisahau stesheni nazitafuta tena. Na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Ikikaa kwenye redio, waya wote wa kutoka betri hadi hapo hauna mlinzi.

Usidanganywe na "50W x 4" iliyoandikwa kwenye boksi. Redio ya namna hiyo, kwa kazi ya kweli, hutoa wati 15 hadi 20 kwa kila spika. Zinatosha, mradi spika uzichague kwa akili.

Na usichukue redio iliyong'olewa kwenye gari la Kijapani eti kwa kuwa ni "orijino". FM ya Japani huanzia 76 na nyingi ya hizo redio huishia 90. Huku stesheni zetu zinafika mpaka 108, kwa hiyo nyingi hutazipata. Wanauza kifaa cha kushusha masafa, lakini kwanini ununue tatizo pamoja na dawa yake?

Spika ndiko kwenye hela

Kama una laki moja na nusu, weka theluthi mbili hapa. Kwenye karatasi ya spika tafuta namba ya desibeli kwa wati moja. Spika ya 92 itapiga kwa nguvu ileile kama ya 89 huku ikila nusu ya umeme. Kwa mwenye dainamo, hizo desibeli 3 zina maana kuliko jina la kampuni.

Pa kuziweka sasa. Land Rover haina mahali: milango ni bati tupu na ukitoboa umeharibu. Nilimpa seremala kipimo, akanitengenezea viboksi viwili vya plywood vinavyokaa sakafuni mbele, ubavuni mwa miguu, vikashikiliwa na skrubu za gari zilizokuwepo tayari. Nimevivika ngozi bandia nyeusi ya viti. Mtu akiingia anadhani ni sehemu ya gari. Kwenye magari ya saluni tumia ubao wa nyuma ya kiti cha nyuma, kwa chini, na kitambaa chake kirudi juu bila kukatwa. Kwa gari la wazi chukua spika za boti. Zimetengenezwa kuhimili maji, na kitu kisichoingiza maji kwa kawaida huzuia vumbi pia. Wenzetu wa Kigoma wanaozifunga kwenye boti za Ziwa Tanganyika wanalijua hili kuliko sisi.

Magari mengi ya zamani yana wavu mmoja wa spika juu ya dashibodi na mwenye gari hujiona ana upungufu. Mimi naona ana bahati. Muziki unaofaa magari haya, Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, Tabora Jazz, bendi zetu hizi za Tabora, kwa sehemu kubwa ulirekodiwa mono. Hakuna gitaa la kushoto wala la kulia, kila kitu kimetoka mlango mmoja. Spika moja nzuri pale katikati inaurudisha kama ulivyokuwa. Ila nunua spika yenye koili mbili, kushoto kuingie koili moja na kulia nyingine. Usiziunganishe waya za kushoto na kulia kwenye spika moja ya kawaida, utaunguza redio. Koili mbili hazipatikani kirahisi Tabora. Utaagiza Kariakoo iletwe kwa basi.

Nambari mbili: amplifaya isiyo na uso

Ni kiboksi kidogo kama kitabu cha daftari, kina Bluetooth na matundu ya waya, basi. Kinaingia nyuma ya dashibodi na hakuna atakayekiona. Chagua chenye "Class D", maana kinapoteza umeme kidogo sana kama joto, jambo linalofaa sana gari lenye chaji ndogo. Kingekuwa namba moja kama kingekuwa na FM. Vingi havina, na safari ya Jumapili bila matangazo ya mpira kutoka TBC Taifa si safari.

Kitu kimoja cha kuudhi: injini za platini (mfumo wa zamani wa kuwasha cheche) na waya za plagi za shaba hupiga kelele ya "trrr" inayopanda na mafuta. Badili waya za plagi ziwe za ukinzani, funga kondensa kwenye koili, na waya wa hasi wa amplifaya uende kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi mpaka kikang'aa. Nilihangaika na sauti hiyo mwezi mzima kumbe nati ya hasi ilikuwa imekaa juu ya rangi.

Nambari tatu: kuifufua redio yenyewe

Hii ndiyo nzuri kuliko zote na ndiyo inayoumiza zaidi. Unampelekea fundi redio, yule anayeshika solda na si yule wa gereji. Kama redio bado inanguruma, anaweza kuongeza waya wa kuingizia sauti kwenye kitasa cha kupandishia sauti. Unachomeka simu, na wimbo unatoka kupitia transista zilezile za baba yako. Kama imekufa, anatoa matumbo yake na kupachika bodi mpya ndani ya kasha lilelile, vitasa na kioo cha namba vikibaki. Nimeiweka ya tatu kwa sababu moja tu: mafundi wanaoweza wamebaki wachache na wote ni wazee. Ukimpata, usimharakishe, na usimwachie redio bila kupiga picha kila upande.

Nambari nne: mpya zenye sura ya kale

RetroSound wa Marekani wanatengeneza redio za vitasa viwili ambavyo umbali wake unarekebishika kufuata matundu ya dashibodi ya zamani bila kukata. Blaupunkt wametoa upya Bremen SQR 46 yao ya miaka ya 1980, yenye Bluetooth ndani. Ni vitu vizuri kweli. Lakini ukijumlisha usafiri na ushuru, bei inakaribia ya kufanyia injini ukarabati, na hiyo Bremen unalipia pia DAB, yaani redio ya kidijitali, ambayo safari za huku hazina kazi nayo. Kwa Volkswagen iliyonyooka kila kitu, sawa. Kwa Land Rover ya kubebea mizinga ya nyuki, hapana.

Za mkiani

Kama gari lina deki ya kaseti inayozunguka, nunua adapta ya kaseti yenye waya kwa bei ya chakula cha mchana. Sauti yake ni safi kuliko watu wanavyodhani. Safisha hedi kwa spiriti kwanza.

Kirushia FM cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, kile kinachorusha muziki wa simu ili redio iudake kama stesheni, ni cha mwisho kwangu, ingawa ndicho kinachouzwa zaidi. Redio nyingi za magari haya hazina hata FM, ni AM na masafa mafupi tu, kwa hiyo hakina pa kuingilia. Na hata pale inapokuwepo, kinavamiwa na kila stesheni unayoipita. Nilikuwa nacho kwenye gari nililoazima, nimesimama kwenye foleni ya mafuta nasikiliza kaswida, na bajaji ya pembeni yangu nayo ikaanza kuimba kaswida ileile. Dereva akaigonga redio yake mara mbili, akageuka kunitazama.