Taa za paani kwa Sikukuu: zipi ununue, zipi uziache dukani

Siku mbili kabla ya Idi, mama alitoka kukinga maji ya mvua kwenye mchirizi wa bati, akarudi ndani anajipuliza vidole. "Bati linauma," akasema. Tukacheka. Baba mdogo peke yake hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwenye soketi, akachomoa plagi ya vimulimuli nilivyovifunga jana yake, ndipo akapanda kutazama. Waya ulikuwa umelala juu ya ncha ya bati, upepo umeusugua usiku kucha mpaka mpira umechunika na shaba inagusa. Paa zima lilikuwa na umeme, na breka haikujikata.

Hilo la breka ndilo lililonikosesha usingizi. Mabati yetu yamepigiliwa kwenye papi, na mbao kavu hazipitishi umeme kwenda ardhini. Umeme ukiingia kwenye bati hauna pa kwenda. Unakaa pale kimya, breka haioni kosa lolote, mpaka atokee mtu aliyesimama pekupeku kwenye udongo ulioroa akagusa bati au mchirizi. Njia ya umeme inakuwa yeye. Mama alikuwa na bahati ya kandambili.

Tangu hapo nanunua taa za paani kwa kuuliza swali moja tu: umeme wa kiasi gani unapanda juu? Rangi, idadi ya taa na mitindo ya kumetameta vinakuja baadaye. Mpangilio ufuatao umetokana na swali hilo, kuanzia ninazozipenda hadi zile ambazo hata nikipewa bure sizifungi.

Nafasi ya kwanza: taa za LED zenye adapta

Hizi zina kijisanduku kwenye plagi, mfano wa chaja ya simu ila kinene zaidi. Umeme wa ZECO, shirika letu la umeme hapa Zanzibar, volti 230, unaishia humo. Kinachopanda paani ni volti chache tu: 12, 24, nyingine 31. Waya ukichunika kwenye bati, taa zitazimika au zitapepesa, basi.

Ila hapa ndipo tunapouziwa mbuzi kwenye gunia. Taa nyingi za bei ya chini nazo zina kijisanduku, chenye kitufe cha kubadilisha mitindo minane ya kumetameta. Hicho si adapta. Ni kidude cha kuwasha na kuzima tu, na umeme unaotoka ni ule ule mkali ulioingia. Usimuulize muuzaji, maana atakwambia ni adapta. Geuza kijisanduku usome maandishi madogo. Adapta ya kweli ina mstari wa INPUT (umeme unaoingia) na mstari wa OUTPUT (unaotoka), na OUTPUT ni namba ndogo. Ukiona imeandikwa 220–240V tu, au hakuna mstari wa OUTPUT kabisa, rudisha.

Ukishafika hapo, tafuta herufi IP na tarakimu mbili zake. Tarakimu ya pili ndiyo ya maji. IP20 ni ya ndani tu. IP44 inahimili maji ya kurukia na inatosha chini ya upenu. Juu ya paa penyewe mimi nataka IP65. Na angalia ni kipi kilichoandikwa hiyo namba, kwa sababu mara nyingi taa ni IP44 lakini adapta yake ni IP20, kwa hiyo adapta lazima ibaki ndani ya nyumba, waya mwembamba upite dirishani. Pima urefu wa waya kutoka adapta hadi taa ya kwanza kabla hujalipa. Nimewahi kurudi sokoni Darajani mara ya pili siku hiyo hiyo, na saumu, kwa sababu ya mita mbili.

Faida nyingine iko kwenye Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla. Uzi wa taa 100 ndogo za LED unakula takriban wati 6. Uzi wa taa 100 za zamani, zile za waya unaowaka ndani ya kioo, unakula kama wati 40. Funga nyuzi nne, washa saa sita kila usiku: za zamani zinamaliza karibu uniti nzima kwa usiku mmoja, za LED zinaitumia uniti hiyo kwa wiki.

Nafasi ya pili: taa za sola

Kwa usalama peke yake hizi zingekuwa za kwanza. Hazina plagi, betri yake ndogo ni volti 1.2 au 3.7, na mtoto akiushika waya hakuna litakalomfika. Tena umeme ukikatika usiku wa Sikukuu, nyumba yako inabaki inawaka peke yake mtaani. Sisi tuliokaa gizani mwaka 2008, na tena ile miezi mitatu ya Desemba 2009 hadi Machi 2010, hilo hatulidharau.

Nimeziweka pili kwa sababu ya mawingu. Idi el-Fitri ya 2025 ilikuwa mwisho wa Machi, masika yanabisha hodi, na kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Siku ya jua kali kipaneli kinachaji vizuri na taa zinafika usiku wa manane. Siku ya wingu zito zinazimika wageni hawajamaliza kahawa. Idi ikishajongea Februari, kwenye kaskazi na jua lake, nitabadilisha nafasi hizi mbili bila kusita.

Dukani tazama nyuma ya kipaneli. Kama kimefungwa kwa skrubu na betri inatoka, chukua, kwani betri ndiyo inayokufa kwanza kwa joto letu na chumvi ya bahari, na mpya inapatikana. Kilichogandishwa kwa gundi ni cha msimu mmoja. Ukifika nyumbani, kilaze kipaneli karibu bapa. Huku kwetu jua la Machi linapita utosini, halilali upande kama lilivyo kwenye picha ya boksi. Na usikiweke chini ya mwembe, jambo ambalo lingekuwa dhahiri kama nisingeliona kwa jirani miaka miwili mfululizo.

Nafasi ya tatu: mrija wa taa wa mita

Ni ule mrija mnene wa plastiki, taa zimo ndani, unauzwa kwa mita, na maduka mengi huzungusha kwenye ukingo wa paa. Unapendeza, mstari wake umenyooka, na plastiki yake nene haichuniki upesi. Lakini aghalabu ni wa volti 230, na umeme huo unatembea paani kote.

Nauruhusu kwa masharti. Uwe kwenye ukuta au kwenye ubao wa ukingoni, ule mafundi wanaouita fishabodi, usilale juu ya bati. Ukatwe palipochorwa alama ya mkasi tu. Ukikatwa kati ya alama, kipande kizima hakiwaki. Mwisho wake uzibwe kwa kifuniko chake na gundi ya silikoni, si mfuko wa plastiki na uzi. Usiujaribu ukiwa bado umeviringishwa kwenye gurudumu lake, unapata joto mpaka unayeyuka. Na umeme wake upitie kwenye breka ya RCD ya miliampia 30, ambayo inakata mara umeme unapovuja kupitia mwili wa mtu. Breka ya kawaida haifanyi kazi hiyo, kama nilivyokwisha kuona kwetu. Kama nyumba yako haina RCD, fedha ya mrija huu mpe kwanza fundi umeme.

Nafasi ya nne: vimulimuli vya plagi ya miguu miwili

Ndivyo rahisi kuliko vyote, na ndivyo vilivyomng'ata mama. Waya mwembamba kama uzi wa kushonea, volti 230, hakuna fyuzi. Plagi yake ya miguu miwili haiingii kwenye soketi zetu za matundu matatu mpaka uchokoe tundu la juu kwa kalamu au kijiti, na sote tunajua tunavyofanya hivyo, wengine kwa ufunguo. Kile kifuniko cha ndani ya matundu ya soketi kimewekwa makusudi. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani, na kwa uzi wa taa fyuzi ya ampia 3 inatosha. Ukikuta ya 13 ibadilishe.

Kama umeshavinunua, vipambie sebuleni, ukutani, mbali na mapazia. Paani, hapana.

Za kukataa hata kwa zawadi

Ndugu wa Maskati au Dubai akikuletea taa, pokea kwa mikono miwili: volti zao ni kama zetu na plagi ni ile ile. Wa Toronto au Marekani ni habari nyingine. Umeme wao ni volti 120, na taa zao zikichomekwa huku zinawaka kwa uzuri usio na kifani, kisha moshi. Vivyo hivyo vitu vya Japani, vilivyotengenezwa kwa volti 100. Ila kama adapta imeandikwa 100–240V, hakuna neno.

Na paa la makuti, kwa wale wa mashamba na wenye mabanda ya ufukweni: sola tu. Usipeleke volti 230 kwenye makuti makavu, na usining'inize kandili wala mshumaa karibu yake.

Vya kununua pamoja na taa

Vifungo vya plastiki vya kukaza, vyeusi, kwani vyeupe hupasuka juani upesi. Kipande cha mpira wa bomba la maji, ukipasue kwa urefu ukivishe kwenye ncha ya bati popote waya unapopita. Kitu cha thamani ndogo, na kingemwokoa mama. Acha misumari. Inatoboa waya, inatoboa bati, na kwenye kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe inaangusha plasta. Huko funga kwenye nguzo za roshani, na kabla hujagusa uso wa nyumba waulize wa Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Ngazi azima, lakini ya mbao. Ya alumini karibu na waya wa ZECO unaotoka kwenye nguzo kuingia paani ni hatari tupu. Pale unapoingilia mara nyingi mpira wake umeshaoza kwa jua, kwa hiyo kaa mbali nao mita tatu. Mguu wa ngazi uwe mita moja kutoka ukutani kwa kila mita nne za kwenda juu, na mtu aishike. Kanyaga palipo na misumari, ndipo penye papi. Katikati bati linabonyea. Panda asubuhi, baada ya umande kukauka na kabla bati halijawaka moto. Usipande alasiri ya Ramadhani. Kizunguzungu cha saumu hakikupigii hodi.

Lini na kwa namna gani

Nenda Darajani au Mwanakwerekwe kumi la kwanza la Ramadhani. Ukingoja la mwisho, bei imepanda, msongamano hauna pa kupita, na muuzaji hana subira ya kukuchomekea. Na lazima akuchomekee. Acha ziwake dakika kumi, mkipiga soga, kisha shika adapta: joto kidogo ni sawa, ikichoma kiganja achana nayo. Vuta waya taratibu kwenye shingo ya taa mbili tatu. Tingisha plagi. Mwenye taa nzuri hakasiriki.

Zikimalizika siku zake nne Sikukuu inakwisha, na taa zishuke. Wengi wetu huziacha mpaka Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi Kubwa, zikipikwa na jua na chumvi. Zifute kwa kitambaa kilicholoa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, zikaushe, zizungushe kwenye kipande cha boksi. Mama sasa hupokea boksi hilo mwenyewe, huvaa miwani, na husoma mstari wa OUTPUT kwa sauti kabla hajaniruhusu kugusa ngazi.