Tairi lenye mifereji si tairi la mvua: somo la mbio za pikipiki za ridhaa

Ndugu zangu habari za leo, karibuni tena. Leo nimeweka matairi matatu ya nyuma hapa mezani. Kabla sijaeleza chochote, yatazameni vizuri, kisha kila mmoja achague moyoni mwake lipi angelifunga wingu likiwa limetanda.

La kwanza hili hapa ni kipara kabisa, halina hata mstari mmoja. Huku Uingereza wanaliita sliki. La pili lina mifereji, mnaiona. Ngoja nilisogeze kwenye kamera: mifereji iko katikati, michache, na huku pembeni kabisa, mahali pikipiki inapolalia kwenye kona, hakuna kitu. Ni kipara vilevile. La tatu limekatwakatwa mwili mzima kutoka katikati hadi ukingoni, kashata zake zimesimama moja moja, na mferejini kidole changu kinazama.

Najua wengi mmelikataa la kwanza, mkaona la pili na la tatu ni ndugu. Hapo ndipo watu tunapoumia. Kwenye mvua, la pili ni ndugu wa la kwanza. La tatu halina ndugu hapa mezani.

Kwa waliojiunga leo: mimi ninakimbia mbio za klabu, mbio za ridhaa, kwa Suzuki SV650, daraja ambalo huku linaitwa Minitwins. Ridhaa maana yake ada ya kuingia unalipa mwenyewe, gari la kubebea pikipiki ni lako, fundi ni wewe. Leseni inatoka kwa ACU, Auto-Cycle Union, chama kilichoanzishwa mwaka 1903, na ukiwa mgeni unavaa kizibao cha rangi ya chungwa ili wanaokuja nyuma yako wajue hujazoea. Mimi nilikivaa. Na nikiwa bado nimekivaa, nikavunjika mfupa wa mtulinga kwa sababu ya tairi kama hili la katikati.

Nitafika huko. Kwanza kanuni, maana wengi mmeniuliza kwa nini klabu haiwaachii watu wafunge tairi wanalotaka.

Sababu ni pesa, na naiunga mkono kwa moyo wote. Sliki inashika lami kuliko kitu chochote, lakini inaisha upesi, na anayeweza kufunga mpya kila mashindano atampita asiyeweza hata kama hamzidi ufundi. Ndiyo maana madaraja mengi ya bei nafuu yanasema: hakuna sliki, funga tairi lenye mifereji lililoidhinishwa kwa barabara. Hilo ndilo tairi la pili. Limetengenezwa na watu wa mbio, kwa mpira wa mbio, likakatwa mifereji kiasi cha kupata kibali. Mifereji ile ipo kwa ajili ya sheria kuliko kwa ajili ya maji. Naomba mlishike hilo.

Katika klabu ninayokimbia nayo, mvua ikinyesha tunaruhusiwa kuhamia tairi la mvua. Lakini yapo mashindano ambayo kitabu chake cha kanuni kinataja tairi moja tu, jua liwake, mvua inyeshe. Wanaotetea wanasema wote mko sawa, mwenye akili atapunguza mwendo. Mimi sikubaliani nao. Kwenye mstari wa kuanzia wako watu thelathini, na haiwezekani wote thelathini wapunguze kwa kiasi kimoja. Usawa wa bei ni jambo jema, ila tairi la mvua lisiwekwe kwenye fungu la anasa. Liwekwe pamoja na helmeti. Kama kitabu cha daraja lako kinalikataza, waandikie viongozi wa klabu yako kabla msimu haujaanza, kwa heshima, na muwe wengi.

Sasa tulishike mkononi. Nabonyeza kwa ukucha: hili la pili, halibonyei. Gumu. Hapa ndani kuna baridi kidogo, na tairi hili linataka joto ndipo liwe laini. Ndiyo maana mnawaona watu wamefunika magurudumu kwa blanketi za umeme, wanayapasha hadi nyuzi 80 hivi kabla ya kutoka. Sasa tazama la tatu. Ukucha umezama, na alama imebaki. Mpira huu ni laini ukiwa baridi, kwa sababu waliolitengeneza wanajua halitapata joto. Maji ya lami yanalinyang'anya joto kila linapozunguka.

Hilo ndilo watu hawalioni. Wanadhani kazi ya tairi la mvua ni mifereji peke yake. Mifereji inatoa maji, ndiyo, lakini nusu nyingine ya kazi iko kwenye mpira wenyewe. Na hizi kashata ndogo zinachezacheza, mnaona nikizisukuma kwa kidole? Kule kuchezacheza ndiko kunakolizalishia tairi joto lake kidogo hata likiwa majini.

Tairi lenye mifereji michache unalitoa kwenye blanketi likiwa moto, raundi ya kwanza linashika, unapata imani. Raundi ya pili maji yameshalipoza, na imani bado iko palepale. Mimi ilikuwa Brands Hatch, kule Kent, uwanja mfupi wa kilomita 1.9. Mwezi wa nne, mvua nyepesi, lami haijajaa maji, inang'aa tu. Ukishapita Paddock Hill, ile kona inayoporomoka kwenda kulia, unapanda kilima kuelekea kona ya Druids. Nikafunga breki kama nilivyofunga raundi iliyopita. Nikainamisha pikipiki. Gurudumu la mbele likapoteza mshiko, likajikunja kuingia ndani, na kabla sijajua nini kimetokea nilikuwa nimelala, nasikiliza pikipiki ikisaga changarawe. Hakuna aliyenigonga. Nashukuru Mungu hadi leo, maana nyuma yangu walikuwa wengi.

Matairi ya mvua nilikuwa nayo. Yalikuwa kwenye gari, yamelala bila rimu.

Kwa hiyo leo sehemu ninayotaka mnisikilize zaidi ni hii ya rimu. Ukiwatazama MotoGP, mbio za ubingwa wa dunia za pikipiki, unaona tangu 2005 mbio hazisimamishwi kwa sababu tu mvua imeanza. Inatolewa bendera nyeupe, dereva anaingia piti, sehemu ya mafundi kando ya uwanja, anarukia pikipiki ya pili iliyokwisha andaliwa, anaondoka. Marc Márquez alishinda Brno, Jamhuri ya Czech, mwaka 2017 kwa kuwahi kubadilisha kabla ya wenzake, lami ilipokuwa inakauka. Na wote mnamkumbuka Brad Binder, Austria 2021: wenzake wa mbele wakaingia piti kufuata pikipiki za mvua, yeye akabaki na sliki kwenye lami iliyolowa na akashinda. Nampa heshima zake zote. Lakini tafadhali, usijifunzie kuendesha mvuani kwa mbio ile. Yule amelelewa kwenye pikipiki, na zilikuwa zimebaki raundi chache tu.

Sisi wa ridhaa pikipiki ni moja. Unaitwa, unatazama juu, unaamua. Kama matairi yako ya mvua hayajafungwa kwenye rimu zake, umeshaamuliwa. Foleni kwa muuza matairi padoki, kule nyuma tunakoegesha na kutengeneza pikipiki, wakati mvua imeanza ni ndefu, kila mtu kabeba magurudumu mawili, na mbio zako hazimsubiri mtu.

Nunua rimu za pili. Za mitumba zinatosha, mradi zimekaguliwa hazijapinda. Kwa SV650 ni rahisi, imekuwa sokoni tangu 1999 na kwa wauza vipuri vilivyotumika rimu haziishi. Angalia tu ni za toleo linaloingia kwenye pikipiki yako. Na wakati wa kununua tairi, pima upana: ya nyuma kwenye SV ni inchi 4.5, wenzetu wa pikipiki za cc 600 wana 5.5. Tairi pana kwenye rimu nyembamba linavimba katikati na umbo lake linaharibika.

Sasa kosa linalowaponza wengi: wananunua rimu tupu. Mvua inakuja, wanaanza kuhamisha diski za breki, wanahamisha spoketi, boliti zinaangukia kwenye matope. Gurudumu la pili liwe kamili. Diski zake, spoketi yake yenye meno idadi ileile, bushi zake za ekseli. Nimejirekodi juzi nikiwa peke yangu, stendi mbili, magurudumu yote mawili: dakika 17 bila kukimbizana. Kwa diski za kuhamisha ningekuwa bado nafungua. Na ukishafunga, pampu breki ya mbele hadi iwe ngumu kabla ya kupanda. Usiache hilo hata ukiitwa kwa kipaza sauti.

Angalia na mshale wa mwelekeo ubavuni mwa tairi. Usifananishe mbele na nyuma kwa macho. Mara nyingi mifereji ya mbele huonekana kama imegeuzwa, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Fuata mshale.

Upepo. Hapa nasikia ushauri wa hatari padoki kila msimu: "Mvua imeanza, punguza upepo, tairi lilale lishike." Kwenye ukavu kuna mantiki fulani. Kwenye maji, upepo ndio unaolisukuma tairi lipenye lifike kwenye lami, na ndio unaoifanya mifereji ibaki wazi. Miaka ya 1960 watafiti wa NASA, walipokuwa wakichunguza matairi ya ndege kwenye njia zenye maji, walipata kanuni: chukua upepo kwa psi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 9, unapata kasi kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa, ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji. Kwa psi 30 ni kama kilomita 91 kwa saa. Kwa psi 20 inashuka hadi karibu 75. Tairi la pikipiki uso wake umebinuka, si bapa, linakata maji vizuri zaidi, kwa hiyo usizichukue namba zenyewe kama zako. Chukua mwelekeo wake: ukitoa upepo, unaelea mapema. Kiasi halisi muulize anayewakilisha kampuni ya tairi lako uwanjani, awe wa Pirelli kwa Diablo Rain, awe wa Dunlop kwa KR. Kumuuliza ni bure, na wanapenda kuulizwa.

Shokapu nazo zilegeze kidogo, kwa sababu mvuani hufungi breki kwa nguvu ileile na pikipiki haizami kama ilivyozoea.

Ukiwa ndani, sahau njia yako ya ukavuni. Ile njia nyeusi iliyosuguliwa na matairi ya wiki nzima, ikilowa inateleza kama kigae chenye sabuni. Pita pembeni yake, kwenye lami yenye chembe. Kingo za rangi usiziguse. Na jifunze bendera mbili hizi za FIM, shirikisho la kimataifa la mbio za pikipiki: ya njano yenye mistari myekundu inakwambia lami inateleza kwa sababu nyingine isiyo mvua, mafuta kwa mfano; nyeupe yenye msalaba mwekundu wa mshazari inakwambia matone yameanza kuanguka sehemu hiyo. Zikitolewa pamoja, mvua inanyesha hapo. Taa nyekundu ya nyuma iwe inawaka. Wewe ukiwa mbele humwoni anayekuja, lakini yeye yuko ndani ya ukungu wa maji unayomrushia, na kitu pekee anachokitafuta ni ile taa.

Upungufu wa tairi la mvua, niseme ukweli kama kawaida yetu hapa. Lami ikikauka, linakufa. Kashata zinachemka, zinaanza kumeguka, na nyuma kunaanza kuyumba kama unapita kwenye mchanga. Utaona madereva wanatafuta madimbwi kwenye mnyoofu ili kulipoza. Nami nafanya hivyo, nikiwa nimesimama wima, si kwenye kona. Lakini linganisheni hasara. Tairi la mvua kwenye lami inayokauka litakupotezea nafasi na litakupotezea tairi. Tairi la ukavu kwenye lami inayolowa linakupeleka hospitali. Nikiwa sina uhakika, nafunga la mvua.

Swali la mwisho, limekuja mara nyingi kutoka nyumbani, Dar na Nairobi hasa, na kwa vijana wa bodaboda: je, masika yakija tunaweza kufunga haya barabarani? Hapana, ndugu zangu. Haya ni ya uwanjani, hayana kibali cha barabara, na mvua ikikatika saa nne asubuhi, hadi jioni ya jua utakuwa umelimaliza, tena likikuteleza kila kona. Tairi la kawaida la barabarani, lenye kashata nzima na upepo sahihi, kwa kazi yako ni bora kuliko hili. Lililokwisha kuwa kipara usilipitishe kwenye maji hata siku moja.

Jumamosi niko uwanja wa Snetterton, na utabiri wa Norfolk unasema manyunyu kuanzia saa sita mchana. Magurudumu ya pili haya hapa nyuma yangu, yameshajazwa upepo. Atakayekuwa kule aje kwenye hema, nitampa geji na spana tukague yake pamoja.