Riwaya za mapenzi za Waamishi: uzoefu wangu kama mjane

Kwanza mjue ninasomea wapi. Naishi Lancaster, Pennsylvania, Marekani, mji ambao Waamishi wenyewe, Wakristo wanaoshika maisha ya kizamani, huja kuuza mboga, jibini na pai kwenye soko kuu, na nje kidogo tu ya mji utakutana na vigari vyao vya farasi vyenye mapaa ya kijivu, vinajivuta pembeni ya barabara. Kwao asiye Mwamishi ni Mwingereza, hata akiwa mtoto wa Tanga kama mimi. Maktaba yetu ina riwaya za mapenzi zinazowahusu tele, na majalada yanafanana mpaka yanachekesha: binti mwenye kikofia cheupe, shamba la mahindi nyuma yake, macho yametazama mbali. Nilianza kuziazima nilipofiwa na mume wangu. Watu walikuwa wameniletea vitabu vya kuliwaza, nasaha tupu, vikanishinda. Hizi nilizimaliza.

Nazungumzia aina moja tu, zile za kupona na kupenda tena: mjane, mgane, au mpenzi wa zamani aliyerudi. Za upelelezi zipo pia, hizo niwaachie wenyewe.

Kinachonifanya nigeuze kurasa ni kwamba vikwazo vyake si vya kubuni. Waamishi hawana talaka, kwa hiyo anayeoa mara ya pili ni aliyefiwa, na wote wanamtambua kwa kumtazama tu. Mwanamume akishaoa hufuga ndevu, bila masharubu. Mke akifa, ndevu zinabaki. Basi mgane akisimama mlangoni kwa mjane na kikapu cha mayai mkononi, hana haja ya kujieleza. Kidevu kimeshasema, na jirani anayepita na farasi wake ameshaona. Mwandishi hodari anaitumia hali hiyo vizuri, maana hawa wawili hawawezi kujifanya wageni wa mapenzi.

Kwa yule aliyeondoka akarudi, swali ni la ubatizo. Waamishi hubatizwa wakiwa wakubwa, kwa hiari yao, na bila ubatizo hakuna ndoa kanisani kwao. Aliyeondoka kabla ya kubatizwa akirudi anakaribishwa mezani. Aliyeondoka baada ya kiapo anatengwa, mpaka apige magoti mbele ya waumini aungame. Ukianza riwaya ya namna hii, tafuta haraka jibu la hilo, maana ndilo litakaloamua kama kijana na yule binti wana njia au hawana.

Mwanamke wa Kiamishi akifiwa na mume huvaa nyeusi kwa mwaka mzima. Sisi eda yetu ni miezi minne na siku kumi, na mimi niliiona haiishi. Katika riwaya moja mwaka umetimia, mjane anachukua gauni la zambarau kwenye kigingi ukutani. Magauni yao hayafungwi kwa vifungo, hushikizwa kwa pini, basi anachomeka pini moja baada ya nyingine kifuani. Akifika ya mwisho anazichomoa zote, anarudia ile nyeusi na kwenda kukamua ng'ombe. Mwandishi haelezi kitu. Sura inayofuata inaanza na maziwa. Kwa ukurasa ule peke yake ningemsamehe makosa mengi.

Na makosa yapo. Kubwa kuliko yote ni msamaha wa haraka. Askofu anasema maneno mawili, mtu analia, kurasa chache mbele tunapika vya harusi. Inashangaza, kwa sababu historia yao wenyewe ni ngumu kuliko hivyo. Tarehe 2 Oktoba 2006, huko Nickel Mines, wilaya hii hii ya Lancaster, mtu asiye Mwamishi aliingia katika shule ya chumba kimoja akawapiga risasi wasichana 10. Watano walikufa, naye akajiua. Siku ile ile Waamishi walikwenda kwa familia ya muuaji kuipa pole, na baadaye baadhi yao wakahudhuria maziko yake. Dunia ilisifu sana. Lakini wazazi wa wale watoto wameeleza kwamba kusamehe ni uamuzi wa kurudia kila mara, kwamba hasira hurudi nao huanza upya. Hilo ndilo ninalolitafuta kwenye riwaya na silipati mara nyingi: mtu aliyekwisha kutamka msamaha na bado hawezi kula.

Halafu tiba. Shujaa wetu hajalala kwa miezi, haongei, na dawa yake ni chai ya majani pamoja na seremala mwenye mikono mipana. Hapa Pennsylvania kuna nyumba za matibabu ya akili zilizoanzishwa kwa ajili ya watu wa jamii hizi, na wanakwenda. Ningependa mwandishi mmoja ampeleke huko mhusika wake bila kuifanya aibu.

Wengi wa waandishi si Waamishi, na wakati mwingine inaonekana. Beverly Lewis, ambaye riwaya yake The Shunning ya mwaka 1997 ndiyo iliyofungua soko hili, anatoka huku Lancaster, ila hakulelewa katika kanisa lao. Wanaoiga bila kuujua mji wanaweka kila mtu shambani, wakati mashamba huku ni ghali na wanaume wengi ni mafundi, wajenzi au wenye karakana. Au wanampa baba wa nyumba dua ndefu ya kusikika kabla ya chakula, kama mhubiri wa redioni. Waamishi husali kimya mezani, vichwa vimeinama, basi.

Wanapopatia, raha. Harusi nyingi za huku hufanywa msimu wa mapukutiko, Jumanne au Alhamisi, na mboga ya selari haikosekani mezani. Uchumba kwa desturi ni siri mpaka utangazwe kanisani. Sasa mama fulani akipanda selari matuta kwa matuta, majirani wanaanza kuhesabu mabinti wake!

Ukitaka mapenzi ya moto, humu hayamo. Busu utalisubiri mpaka mwisho. Biblia imo karibu kila sura. Mimi Mwislamu haikunisumbua, na habari za kujisitiri na kumstahi mkwe nilizisoma kama za nyumbani. Kinachokera ni maneno ya Kijerumani chao kumwagwa kila mstari na kutafsiriwa hapo hapo. Tena nyingi ni za mfululizo, kwa hiyo angalia namba kwenye jalada, usije ukaanzia kwenye harusi.

Ukisimama mbele ya rafu hujui uchukue ipi, soma sura ya kwanza umtafute marehemu. Akiwa na jina, na namna yake ya kupiga mluzi akifunga farasi, na deni aliloacha kwa muuza mbegu, azima. Akiwa ametajwa tu kwamba alianguka kutoka kwenye paa la ghala ili mpangaji mpya apate nafasi, irudishe. Mimi hata huyo mpenzi wa pili sitamwamini.